Majani ya Nje Kwanza

Fundi cherehani alipenda vitu vilivyonyooka. Pindo la suruali likipinda hata kidogo, alilifumua akaanza upya. Hata viatu vya wateja mlangoni alivipanga mstari mmoja.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na tuta la spinachi, lenye mistari miwili. Yeye na mkewe walipanda mbegu, wakaziombea, wakamwagilia kila asubuhi. Baada ya miezi miwili, majani yalikuwa mapana kama viganja.

Wiki hiyo mkewe alikwenda zahanati. Alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Muuguzi alimpima, akaandika kwenye kadi.

"Damu yako ni tisa, dada. Imepungua. Meza vidonge hivi kila siku, na kila siku ule mboga za majani. Damu isipopanda, hutajifungulia hapa. Tutakupeleka hospitali kubwa, na ni mbali."

Mke alirudi nyumbani, akampa mumewe ile kadi. Mumewe alisoma kadi mara mbili.

"Usiwe na wasiwasi," alisema. "Mboga tunazo, tena zetu wenyewe."

Alichukua mkasi wake wa zamani akaenda bustanini. Kwanza alikata jani hapa, jani pale. Lakini miche ikabaki mingine mirefu, mingine mifupi, kama kichwa kilichonyolewa gizani. Hakuweza kuvumilia. Akakata mstari wote wa kwanza, chini kabisa, sawa na udongo.

"Itaota tena pamoja, kimo kimoja," alimwambia mkewe.

Walikula siku tatu. Mboga iliyobaki ilinyauka kwenye beseni, ikatupwa.

Wiki mbili zikapita; mstari wa pili fundi hakuugusa, akingoja wa kwanza uote tena. Mstari wa kwanza haukuota. Visiki vililainika, vikawa vyeusi. Mke aliendelea kumeza vidonge, lakini mboga za sokoni zilifika zimechoka, na siku nyingine hazikufika kabisa.

"Bado nasikia kizunguzungu," alisema asubuhi moja, ameshika ukuta.

Fundi akachukua mkasi, akainama kwenye mstari wa pili.

"Wewe! Hebu simama hapo hapo!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Alikuwa jirani yao, mpishi wa shule. Watu walimwita Mama Ndoo, kwa sababu hakuonekana bila ndoo mkononi. Bustani yake ilimlisha mwaka mzima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unavuna au unakata suruali?"

"Navuna, Mama. Mke wangu anahitaji mboga."

"Na kesho hahitaji?"

Mama Ndoo alizunguka ua, akaingia, akachuchumaa kwenye tuta. Alitazama visiki vyeusi, akatikisa kichwa. Kisha akafungua mche mmoja mzima kwa vidole. Katikati palikuwa na vijani vidogo vilivyojikunja.

"Tazama. Huu ndio moyo wake. Majani yote yanatoka hapa. Kule ulikata moyo, ukabaki na kisiki. Kisiki kikaoza."

"Lakini tuliiombea," fundi alisema polepole.

"Na Mungu akaiotesha. Aliyekata ni wewe, baba."

Mkewe, aliyesimama mlangoni, akacheka mpaka akashika tumbo. Hakuwa amecheka tangu atoke zahanati.

"Njoo nawe uone," Mama Ndoo alimwita. "Majani ya nje kwanza. Ndiyo makubwa, ndiyo yaliyokomaa. Shika kikonyo chini kabisa. Kivute pembeni huku unakizungusha kidogo. Umeona? Kimetoka chenyewe. Kwa kila mche chukua mawili au matatu, basi. Katikati acha manne au matano. Kesho hamia miche mingine. Ukifika mwisho wa mstari, ile ya mwanzo imeshatoa mapya."

"Lakini haitakuwa sawa," fundi alisema.

"Haitakuwa. Unataka mstari au unataka mboga?"

Fundi alimtazama mkewe. Akaweka mkasi chini.

"Na msizichemshe mpaka zipoteze rangi," Mama Ndoo aliongeza. "Ziive kidogo tu, kisha kamulieni limau. Chai iwe saa nyingine, si pamoja na chakula. Na vidonge usiache, binti yangu. Mboga husaidia vidonge, haichukui nafasi yake."

Jioni hiyo fundi aling'oa visiki vyote. Alichanganya udongo na samadi kuukuu iliyokwisha kuoza. Mama Ndoo alimpa miche michanga, naye fundi akaipanda, akiacha nafasi ya shubiri moja na nusu kati ya mche na mche.

Mwanzoni alipata taabu. Kila asubuhi jicho lake lilikwenda kwenye mche uliozidi wenzake. Mkono ulimwasha. Aliuacha mche ulivyo. Alichuma majani ya nje, akayaosha, akampelekea mkewe jikoni. Kila siku ilipatikana sahani moja, na hakuna iliyotupwa.

Miezi miwili baadaye, muuguzi alipima damu tena. Akapima mara ya pili.

"Kumi na moja na nusu. Umefanya nini, dada?"

"Nimemeza vidonge vyako. Na mume wangu amejifunza kuvuna spinachi."

"Basi andaa nguo za mtoto. Utajifungulia hapa hapa."

Mke alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, walitembea wawili hadi zahanati. Kesho yake walirudi watatu.