Nimeshapoa

Kila asubuhi, jogoo wa jirani akiwa bado hajamaliza makelele yake, kidani kilichoning'inia shingoni mwa Bi Nyemo Chilongani kiliwaka taa ndogo ya kijani na kumwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Pole na maumivu."

"Ahsante. Nimeshapoa."

Taa ikazimika. Ndani ya uti wa mgongo wa Bi Nyemo, kifaa kidogo kuliko punje ya mtama kikapokea amri kutoka kwenye kidani na kupunguza mkondo wake wa umeme. Kifaa hicho kiliitwa Mtulizi, na katika Dodoma ya miaka hiyo, jiji la mapaa yanayokunywa jua na magari-jiendeshi, hapakuwa na uvumbuzi uliotajwa zaidi. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao kisukari kiliwaachia miguu inayowaka moto mchana kutwa, watu ambao vidonge vyote vilishagonga mwamba kwao. Mtulizi alikaa kati ya neva na ubongo, akaizima habari ya maumivu ikiwa bado njiani.

Kazi ngumu ilikuwa kipimo. Mkondo ukipungua, moto unabaki palepale; ukizidi, miguu inakufa ganzi na mtu anaanguka kama gunia. Kwa hiyo Mtulizi alijirekebisha kila siku kwa kusikiliza mashahidi wawili: neva yenyewe, na mdomo wa mgonjwa.

Na mashahidi hao wakigombana? Hapo ndipo Dk. Tekla Mapunda, aliyemvumbua, aliweka roho yake. Baba yake aliumwa mgongo miaka mingi, na madaktari walitazama picha zao safi wakamwambia hana kitu, anajiendekeza tu. Alikufa akiwa anaitwa mwongo. Tekla akaapa kwamba mashine yake haitambishia mgonjwa. Neva ikisema hivi na mdomo ukisema vile, Mtulizi angeuamini mdomo. Alijivunia sheria hiyo kuliko shahada zake zote.

Sasa ilikuwa siku ya kutangaza matokeo, naye hakutulia. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka maabara ya Taasisi ya Neva, anakaa, anasimama, anafungua dirisha, analifunga. Mchoro wa matokeo ulikuwa mzuri mno. Wazee, hasa, walikuwa wamepona kwa kishindo, na Mtulizi alikuwa akiwapa mkondo mdogo kuliko wote. Lakini Tekla alipofungua mawimbi ya neva za Bi Nyemo, ambayo hakuna aliyehangaika kuyatazama kwa kuwa mgonjwa alishasema amepona, aliona kitu kilichomkausha mate. Neva zile zilikuwa zinaungua. Ziliungua jana na juzi, na ziliungua mwezi uliopita.

"Daktari, acha wasiwasi," Profesa Mgonja, mkuu wa taasisi, alimwambia huku akijifunga tai. "Waziri anakuja. Wananchi wakishaona leo, Mtulizi ataingia kila hospitali. Si ndicho ulichokihangaikia?"

"Ndicho, Profesa. Naomba tu nikamwone mgonjwa mmoja."

"Leo?"

"Leo hii."

Aliondoka kabla hajakatazwa. Ndani ya gari-jiendeshi alijikuta anakanyaga sakafu kana kwamba kuna mafuta ya kuongeza. Gari lilikwenda kwa mwendo wake lenyewe, limejaa busara, mpaka Nala, nje ya jiji, kwenye mashamba ya zabibu.

Bi Nyemo alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji. Alijaribu kusimama ampokee mgeni. Tekla akamzuia.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante, nimeshapoa. Karibu, karibu kiti."

Alisema hivyo huku midomo imembabuka kwa kung'atwa, na vidole vya miguu vikicheza ndani ya maji.

Tekla hakukaa. Lile "nimeshapoa" lilimsimamisha. Alikumbuka jinsi wazee walivyolalamika mwanzoni mwa majaribio, kwamba mashine gani hii inamwingilia mtu bila hata kumpa pole, kama askari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza pole. Aliiongeza kwa upendo, jioni moja, akaenda zake nyumbani amefurahi. Hakufikiria jibu lake. Sikio la Mtulizi lilifundishwa kwa mazungumzo ya kliniki, na kliniki mtu akisema amepoa, basi kweli amepoa. Sijambo na nzuri yeye na wenzake walizichuja, kwa kuwa kila mtu anajua hizo ni salamu. Hii iliwapita wote, wasomi watupu, Waswahili watupu, ambao nao hujibu hivyo hivyo kila wanapoumwa.

"Mama," alisema, "miguu inawaka?"

Bi Nyemo alitazama pembeni. "Inawaka."

"Tangu lini?"

"Haijawahi kuacha. Wiki ya kwanza tu ilitulia, nikalala kama mtoto. Halafu ikarudi kidogo kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Manesi wakipiga simu wananipa pole, nami nawajibu. Nikasema wenzangu wamepona, huenda mwili wangu ndio wa ajabu. Nisingeweza kukuharibia kazi, mwanangu. Nikajikaza kisabuni."

Tekla alimweleza yote, haraka haraka, maneno yakigongana. Bi Nyemo alisikiliza, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Yaani lile neno ndilo linaniunguza?"

"Ndilo. Mitambo imefungwa mpaka majaribio yafungwe rasmi, siwezi kuibadilisha kutoka nje. Lakini neno lako linaweza. Nitabonyeza kidani, kitafungua sikio. Kikikupa pole, mwambie kweli."

Akabonyeza. Taa ikawaka.

"Shikamoo, bibi. Pole na maumivu."

"Marahaba. Ahsante, nimesha..." Bi Nyemo akajiziba mdomo kwa kiganja.

Wakajaribu tena. Safari hii alisema, "Ahsante, Mungu mwema." Mara ya tatu alivuta pumzi, akafumba macho, na neno likatoka lenyewe, zima, la heshima, kama lilivyotoka tangu utotoni.

"Siwezi," alisema. "Mtu anakupa pole, unamjibu naungua? Utadhani unamlaumu."

"Nilaumu basi!" Tekla alisema, kidole kikiwa bado kimekandamiza kidani. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi ndiye niliyekufanyia hivi, mama. Nilaumu mimi!"

Kisha uso wa Bi Nyemo ukabadilika, na sauti iliyotoka haikuwa ya mama wa kukaribisha wageni.

"Wewe mtoto, unajua nimekanyaga makaa mwaka mzima? Mjukuu wangu kazaliwa, sijasimama kumbembeleza hata siku moja! Nawaka! Nyayo zinawaka, zinachoma, zinapwita mpaka magotini, na kila asubuhi hiki kidude kinanipa pole halafu kinanitia motoni! Sijapoa! Umesikia? Sijapoa hata kidogo!"

"Nimesikia, bibi," kidani kilisema kwa upole.

Maji ya beseni yalitulia kwanza. Vidole viliacha kucheza, magoti yakalegea, na Bi Nyemo akabaki mdomo wazi, akiitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Alianza kulia bila sauti. Tekla naye alilia, huku mkono mmoja ukimpigia Profesa Mgonja. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika.

"Watakuwa wameshaanza," Bi Nyemo alisema. "Washa kioo. Leo Yoram anaonyeshwa."

Mzee Yoram Mwaluko alikuwa mgonjwa mwenzake wa majaribio, mpole kuliko wote, mtu ambaye hata sindano aliishukuru. Kwenye kioo cha ukutani alionekana jukwaani, ndani ya koti lililopigwa pasi, amesimama wima kati ya profesa na waziri. Nyuma yao uling'aa ule mchoro mzuri. Hati ya kuruhusu Mtulizi nchi nzima ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

Bi Nyemo hakuutazama uso wa Yoram. Alitazama viatu.

"Anasimamia kingo za nyayo," alisema. "Anaungua yule."

Tekla alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni, akiita gari kwa sauti.

Waziri akamgeukia mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mzee wetu, kwa yote uliyopitia."

"Yoram, usimjibu," Bi Nyemo alikiambia kioo. "Yoram!"

Mzee Yoram akatabasamu, akainamisha kichwa kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Ahsante, mheshimiwa. Nimeshapoa."

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, na waziri akachukua kalamu.