Mistari ya Aron

Kila asubuhi kabla ya shule, Kezia alikaa kibarazani kwao kijijini Nyakahura akisukasuka maziwa kwenye kibuyu ili yatoe siagi. Kazi hiyo iliwachosha wenzake, lakini yeye ilimpa mdundo. Kibuyu kikilia chwa, chwa, mistari ya rap ilimjia yenyewe.

Ndiyo maana alifurahi kupita kiasi Mwalimu Desderius alipoliambia darasa la sita kwamba Siku ya Afya hawataimba kwaya, bali watarap.

"Mnashangilia!" mwalimu alicheka. "Mimi enzi zangu, baba aliitumbukiza kaseti yangu ya rap chooni. Alisema ni uhuni. Kweli, mwanzoni ilikuwa ya vijana wachache wa mjini, wakiiga Kiingereza. Walipoanza kurap kwa Kiswahili, wakisema shida za mitaa yao, redio zikawapenda, kisha simu zikawafikisha kila kijiji. Siku hizi baba yangu huyohuyo anaicheza harusini, tena anatangulia!"

Kezia aliandika kuhusu Aron, mdogo wake. Bibi yao Speciosa alilelewa akiambiwa kwamba maziwa yakichemshwa, ng'ombe hukauka. Basi nyumbani walikunywa mabichi, mpaka Aron akaugua na kulazwa. Daktari alipoeleza kwamba chanzo ni maziwa hayo, Bibi alilia. Tangu hapo alichemsha maziwa, ila habari hiyo ikitajwa aliinamisha uso.

Kwa hiyo Kezia alimwonyesha daftari Jovitha peke yake, rafiki aliyekaa naye dawati moja.

"Usimwambie mtu. Kwanza nimwombe Bibi ruhusa."

"Haki ya Mungu, simwambii," Jovitha aliapa.

Siku ya Afya ilifika Kezia akiwa bado hajapata ujasiri wa kumwomba Bibi. Wazazi walijaa uwanjani. Jovitha akaitwa wa kwanza, akashika kipaza sauti:

"Bibi kakataa, maziwa yasione moto,
Ng'ombe atakauka, tutakosa cha mtoto.
Aron wodini siku saba, mwili wote joto!"

Watu walishangilia. Kezia alikaa kama aliyemwagiwa maji. Yalikuwa maneno yake, neno kwa neno, na Jovitha hakujali hata kubadilisha jina! Majirani walimjua Aron. Mmoja baada ya mwingine walimgeukia Bibi Speciosa aliyekuwa kwenye benchi la wazee. Kuibiwa mistari kulimuuma Kezia, lakini kumwona Bibi akitazamwa vile kulimuuma zaidi. Machozi yakamtoka.

Mwalimu Desderius alipokea kipaza sauti. "Jovitha, Aron ni nani wako?"

Jovitha aliangalia chini. "Ni mdogo wake Kezia," alisema hatimaye. "Mistari ni yake. Nilitaka na mimi nipigiwe makofi."

"Rap haikupendwa kwa sababu ya makofi," mwalimu alisema kwa upole, lakini bila kutabasamu. "Ilipendwa kwa sababu mtu alisimama akasema maisha yake kwa kinywa chake. Wewe umeiba kazi ya mwenzako na kutoa siri uliyoaminiwa. Kazi unairudisha leo. Ili uaminiwe tena, itakubidi uhangaike siku nyingi."

"Nisamehe, Kezia," Jovitha alinong'ona. Kezia aligeuza uso, akamtazama Bibi.

Hapo Bibi Speciosa akainuka.

"Mwalimu, kosa la maziwa lilikuwa langu," alisema. "Nimelificha kwa aibu, kumbe hapa kuna mama wengine wanaonywesha watoto mabichi kama mimi. Kosa likifichwa linaendelea kuua. Kezia, mjukuu wangu, njoo uirudie mistari yako. Na jina langu ulitaje."

Kezia alifuta uso, akaenda mbele. Sauti ilitetemeka mstari wa kwanza, ikatulia wa pili. Alirap mpaka mwisho akimtazama Bibi, bila kumtupia Jovitha jicho hata mara moja.