Kisigino cha Kulwa

Mashine ya kinasahatua ilikuwa ikiicheza upya fainali ya mwaka 2068. Wachezaji wa nuru walikimbia juu ya sakafu ya ukumbi wa Chuo cha Ng'wadila, na nyuma ya kila mmoja mashine iliandika jina lake hewani. Haikusoma sura wala namba ya jezi. Ilisoma mwendo, maana kila binadamu hukanyaga ardhi kwa namna yake.

Mmoja tu, jezi namba tisa, alikimbia bila jina.

"Ndiyo maana nimekuita, Mzee Doto," alisema Mhandisi Nshoma, binti aliyekuja kuhakiki rekodi za timu ya wanaume ya mpira wa kikapu. "Namba tisa ilikuwa jezi ya pacha wako, marehemu Kulwa. Mfungaji bora wa chuo hiki, pointi 1,804. Lakini Kulwa alikuwa akiburuta kisigino cha kushoto. Huyu haburuti."

"Labda alivaa viatu vipya."

Nshoma alicheka. "Mzee, mashine hii huipigi chenga. Hebu tembea hatua kumi. Mwendo wako ukifanana na wa huyu, pointi zake thelathini na moja zinafutwa, Kulwa anakuwa wa pili. Usipofanana, rekodi inabaki."

Doto aliutazama ukuta, jina la kaka yake likiwa juu kabisa, kwa herufi za shaba. Miaka thelathini iliyopita, akiwa fundi seremala asiye mwanachuo, aliivaa jezi ile. Kulwa alikuwa hoi wodini, figo zimegoma, pointi kumi na nane tu zimembakia kuvunja rekodi.

"Kanimalizie, Doto," alimsihi. "Tulizaliwa wawili ili mmoja akichoka, mwingine amalizie."

Doto akaenda. Akazifunga zote kumi na nane. Angeweza kutoka hapo, lakini ukumbi mzima ulikuwa ukiimba "Kulwa! Kulwa!" naye akanogewa. Akaongeza kumi na tatu. Alipofika wodini na mpira mkononi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

"Mzee? Tunakusubiri."

"Natembea, mwanangu."

Akaulegeza mguu wa kushoto. *Kra.* Hatua. *Kra.* Tangu utotoni alikuwa akimtania kaka yake kwa mwendo huo, mpaka mama yao anawafukuza na mwiko. Nyuma ya mabega yake hewa iliwaka, na jina likajiandika: KULWA.

Nshoma alilisoma. Akamtazama mzee, macho yake, mashavu yaliyolowa. Kisha akaufuta uso wa kibao chake cha kidijitali kwa kiganja.

"Mwendo haufanani na wa namba tisa," alisema polepole. "Rekodi inabaki. Pumzika sasa, baba."

Doto hakupumzika. Alijua akisimama tu, jina litazimika. Alifika ukutani, akageuka, akaanza upya, *kra*, *kra*, kaka yake akimfuata nyuma.