Duara la Kocha Tillery

Jamani wazazi wenzangu, hili nimeliona kwa macho yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa hapa Texas.

Jumapili moja baada ya ibada, Kocha Royce Tillery alikuwa akichoma nyama uani. Mkewe Verna alikata mkate wa mahindi, kijana wao Wade akituchekesha. Raha tupu. Mara Royce akaweka sahani ya ziada mezani.

"Hiyo ya nani?" Verna akauliza.

"Ya Dutch. Si huyo mlangoni? Ingia bwana, mbona unasimama?"

Tukageuka. Hapakuwa na mtu. Dutch alicheza naye chuo kikuu, na tulishamzika zamani. Royce akamsogezea chumvi, akitabasamu.

Chuoni Royce alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbana na kuvaa helmeti ngumu, akiwavamia watu kwa kichwa. Alipokuja kuwafundisha wanetu alianzisha duara: vijana wanasimama kwa mzunguko, wawili wanaingia katikati na kugongana helmeti mpaka mmoja alale chini. Sisi tulibeba viti vyetu na soda, tukashangilia. Aliyelalamika kichwa aliitwa mtoto wa mama. Eti tunalea wanaume!

Wiki ile ile ya sahani ya Dutch, Wade aligongwa duarani. Akatapika, akawa hawezi kuvumilia mwanga.

"Royce, mpumzishe," Verna akamsihi. "Daktari kasema akigongwa tena anaweza kufa."

"Daktari huyo alichezea timu gani?"

"Mama, niache," Wade akasema. "Nitachekwa shule nzima."

Ijumaa akacheza mechi. Akagongwa, akainuka, akatembea taratibu hadi benchi la wapinzani, akaketi katikati yao kama ndiyo timu yake. Wachezaji wale wakamleta kwa baba yake. Royce akamkazia macho.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Baba, ni mimi."

"Baba nani? Mimi mwenyewe bado nipo chuo." Akageukia upande usio na mtu. "Dutch, mrudishe huyu uwanjani."

Na Wade, masikini, akaanza kurudi! Verna aliruka uzio, akamkumbatia mwanawe, akamvua helmeti. "Haendi popote! Mmesikia? Haendi!"

Madaktari walimwahi. Wade yu hai, ingawa akisoma kurasa mbili anashikwa na kizunguzungu. Royce yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa; ile migongano ya kichwa ya chuoni ilimharibu ubongo, hamjui mtu. Juzi alimshika Wade mkono.

"Kijana, una baba?"

"Ninaye."

"Mwambie asikuchezeshe. Una macho ya mgonjwa."

Wade akatoka nje akalia.

FUNZO

Mtoto akisema kichwa kinamuuma, mtoe uwanjani siku hiyo hiyo, hata kama kocha ni baba yake. Sifa za uwanjani zilimla Royce, nasi tukampigia makofi akimpeleka mwanawe njia ile ile. Na wakitaka kuchora duara lile mtaani kwenu, nendeni mkasimame katikati ninyi wenyewe.