Gundi Isiyowasha Macho

Mshonaji na mumewe, Fundi, walikuwa na karakana katika chumba cha nyuma ya nyumba yao. Walitengeneza pedi za meza za kupigia pasi. Ni kitambaa kinene kinachowekwa juu ya meza ili isiungue. Madobi wa mtaani walizipenda.

Kitambaa hicho hakifumwi. Fundi alitandaza nyuzi zinazostahimili joto kwenye trei pana. Akazinyunyizia gundi, akaziingiza kwenye oveni. Baada ya dakika tano nyuzi zilikuwa zimeshikana na kuwa kitambaa. Mshonaji alikata, akapiga pasi kingo zilale vizuri, kisha akashona. Walifanya kazi huku wakitaniana kutwa nzima.

Tatizo lilikuwa macho ya Mshonaji. Yalikuwa yanawasha na kutoa machozi. Koo nalo likawa linakereketa. Nesi alimpa dawa ya matone. Ilisaidia siku mbili, kisha mambo yakawa yale yale.

Alikwenda kupumzika kwa dada yake. Siku ya nne macho yakawa mazima. Akarudi nyumbani kwa furaha. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, machozi yakaanza tena. Akaenda tena kwa dada yake, akapona. Akarudi, akaumwa. Mara ya tatu alifungasha nguo nyingi zaidi.

"Sasa nimeelewa," Fundi alimwambia kwa simu. "Ugonjwa wenyewe ni mimi."

"Ungekuwa wewe, ningeumwa tangu siku ya harusi," mkewe alijibu.

Alicheka, lakini hakuwa na raha. Dada yake alikuwa amemnunulia kitanda na kumwambia waziwazi, "Baki huku, mdogo wangu. Macho hayauzwi dukani." Watoto wake wawili walikuwa kule kwa baba yao, na shule yao ilikuwa kule. Mshonaji aliogopa kwamba sasa atawalea kwa simu.

Jirani yao mmoja aliitwa Mizani, kwa sababu alipima kila kitu, hata chumvi ya mboga. Kazi yake ilikuwa kuchanganya gundi kiwandani. Jumamosi moja alikuja kuazima ngazi. Aliingia karakanani, akaziba pua.

"Shemeji, mbona umefunga madirisha?"

"Upepo unapeperusha nyuzi zangu."

"Na harufu hii yote?"

"Harufu ndiyo nguvu ya gundi," Fundi alisema kwa kujivuna. "Gundi isiyowasha macho haishiki. Bosi wangu wa zamani alinifundisha hivyo."

"Bosi wako alijua kazi, lakini hapo alikupoteza," Mizani alisema. Akaligeuza dumu la gundi, akaonyesha maandishi madogo. "Soma hapa. Gundi hii ina fomaldehaidi. Ni kemikali. Ikipata joto hutoa hewa inayowasha macho, pua na koo. Ukiivuta miaka mingi, inaweza hata kukuletea saratani."

Fundi aliweka bomba la kunyunyizia chini. "Lakini mimi mbona siumwi?"

"Miili haifanani. Halafu niambie, nani anapiga pasi kingo?"

"Mke wangu."

"Anainama juu ya pedi, pasi inatoa mvuke, na hewa ile inapanda moja kwa moja usoni kwake. Kila pedi. Kila siku."

Miaka yote Fundi alikuwa akimtania mkewe kwamba analia kama mtu anayemenya vitunguu. Sasa aliona aibu.

"Basi nifunge karakana," alisema.

"Ufunge kwa nini? Badilisha gundi. Zipo zisizo na fomaldehaidi, na joto la pasi haliziachanishi. Kwenye dumu tafuta maneno hayo, kwamba haina fomaldehaidi. Na uhakikishe ni ya kitambaa cha kustahimili joto."

Fundi alishusha pumzi ndefu. Siku hiyohiyo alifungua madirisha, akaweka pazia la wavu mwembamba ili nyuzi zisiruke. Pedi zote za zamani akazitoa nje ya nyumba. Jumatatu akanunua gundi mpya. Haikuwa na harufu kali. Alifurahi, lakini moyoni alikuwa na shaka.

Alinyunyizia, akaoka dakika tano kama kawaida. Pedi ilitoka nzuri. Alipoipitishia pasi yenye mvuke, nyuzi zikaachana, zikabaki marundo marundo mezani. Alimwita Mizani.

"Unaona? Nilisema. Isiyowasha haishiki."

"Umeoka muda gani?"

"Dakika tano."

"Karatasi ya maelekezo inasemaje?"

Fundi alikuna kichwa. Karatasi ilikuwa imekunjwa na kuwekwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Mizani aliichomoa, akaikung'uta vumbi.

"Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi," alisema. "Gundi yako ya zamani ilishika upesi. Hii inataka ikauke kwanza, kisha ipate joto kali zaidi na muda mrefu zaidi. Wewe umeikausha tu, hujaiivisha. Maharage yakikaukiwa maji jikoni, utasema yameiva?"

"Hapana. Nitasema yameungua."

"Basi pima joto, pima muda. Ukimaliza, loweka kipande majini, ukivute. Kikiachana, bado."

Walioka pamoja, karatasi ikiwa ukutani na saa mezani. Kipande cha kwanza kiliachana. Cha pili kikavutika kidogo. Cha tatu Fundi alikivuta kwa mikono miwili mpaka uso ukamwiva, na kitambaa hakikuachia. Akakipigia pasi ya moto kabisa. Hakikuungua, wala hakikunuka.

"Vaa glavu na kinga ya mdomo, na madirisha yabaki wazi," Mizani alimwonya. "Kukosa fomaldehaidi si ruhusa ya kuivuta gundi."

Mshonaji aliposikia habari hizo kwa simu, alirudi Ijumaa, na begi lake akaliacha mlangoni bila kulifungua. Kesho yake alikaa mbele ya pasi tangu asubuhi. Saa sita ikapita. Saa tisa ikapita. Fundi alikuja kumchungulia usoni kila baada ya dakika chache, mpaka akafukuzwa.

"Kafanye kazi. Unanitazama kama picha."

Siku kumi zilipita, na macho yalikuwa meupe. Dobi aliyenunua pedi za kwanza za gundi mpya alikuja kutaka nyingine sita.

"Vijana wangu walikuwa wanatokwa na machozi wakipiga pasi," alisema. "Tulidhani ni sabuni. Na hizi pedi mpya haziachani."

Mshonaji alisikia mzigo mzito ukimtoka kifuani. Alifungua begi, akapanga nguo zake kabatini. Kisha akampigia simu dada yake.

"Unakuja lini?" dada aliuliza. "Kitanda kimetandikwa."

"Dada, Mungu akubariki," Mshonaji alisema. "Kitanda hicho mpe mtu mwingine."