Mkoba Ulioibwa Katikati ya Maombi

Ndugu zangu, nisikilizeni. Habari hii bado inanichukiza.

Asubuhi ile nyumbani kwa Muthoki, Migwani, kulikuwa na furaha tupu. Binti yake Wayua, wa miaka tisa, alikuwa anakwenda Makindu kumwona nyanya yake kwa mara ya kwanza. Mtoto huyu ana kifafa, lakini kwa sababu ya dawa alikuwa amemaliza miaka miwili bila kuanguka hata siku moja. Kila jioni alichora mstari kwenye kalenda ya ukutani. Ndiyo maana safari iliruhusiwa.

Baba yake, Nthiwa, alizigawa zile tembe mafungu mawili. "Nusu weka kwa mkoba, nusu kwa mfuko wa sweta ya mtoto."

"Sawa, Baba Wayua," Muthoki akajibu. Mume alipotoka tu, akazirundika zote mkobani pamoja na simu, maana mfuko wa sweta ungevimba na picha ya mtoto na nyanya yake ingeharibika! Dawa ya asubuhi yenyewe Wayua hakuimeza, kwa kuwa hawezi kumeza dawa kabla ya kula. Wangekula njiani.

Kwenye stendi ya Kitui, basi lilikuwa karibu kuondoka alipopanda bwana mmoja wa suti, Biblia kwapani.

"Bwana asifiwe, wapendwa! Tuikabidhi safari. Fumbeni macho, inueni mikono yote miwili!"

Muthoki alikuwa ameukumbatia mkoba tangu nyumbani. Sasa angefanyaje? Abaki peke yake ameng'ang'ania mkoba mbele ya Mungu? Sisi hatukulelewa hivyo. Akausukuma chini ya kiti, kando ya furushi la nguo, akainua mikono. Maombi yalikuwa marefu, ya jasho na machozi. Baada ya amina yule bwana akateremka, na basi likang'oa nanga.

Waliposimama Mutomo kunywa chai, Muthoki aliinama kuchukua dawa. Furushi lipo, mkoba haupo. Akapekua chini ya viti vyote.

Mbaluka, mzee wa kanisa aliyeketi upande wa pili, akakohoa. "Mwaitu, mama yangu, mimi nilimwona mama mmoja wa kitambaa cheupe akiuchukua. Alishuka kabla ya mhubiri."

"Ulimwona? Na ukanyamaza?"

"Mtumishi alikuwa bado anaomba. Ningekatizaje maombi?"

Ptu! Mwizi anaiba kwa jina la Mungu, na shahidi ananyamaza kwa jina lilo hilo. Mimi sijui ni nani anayenuka zaidi.

"Mwanangu hajameza dawa!" Muthoki alilia. "Hizo ni dawa za mtoto!"

Wakashuka kuulizia zahanati kwenye hoteli ya chai, lakini kabla hawajaelekezwa Wayua akaanguka pale pale, katikati ya meza, povu mdomoni. Muthoki alimlaza ubavu, akamwekea lesso chini ya kichwa, huku watu wengine, aibu gani hii, wakitoa simu kumpiga picha. Ni mwenye hoteli aliyekimbia kumwita muuguzi, na mtoto akaokolewa.

Alipozinduka aliuliza, "Mama, nimeanguka?"

Muthoki akamfuta midomo kwa pindo la lesso.

"Na ile miaka yangu miwili?"

Makindu hawakufika; walirudi nyumbani. Kesho yake mkoba ulipatikana ndani ya choo cha stendi ya Kitui. Simu ilikuwa imechukuliwa, japo kioo chake kilikuwa kimepasuka, na tembe zilikuwa zimemwagwa kwenye kinyesi. Yule mama na mhubiri wake hawakuwa hata na haja nazo! Jioni hiyo Wayua aliing'oa kalenda yenye mistari yote, akaomba mpya. Akachora mstari mmoja tu.

FUNZO

Wasafiri wenzangu, dawa na vyeti msivitie vyote mahali pamoja. Gaweni, na za siku hiyo zikae mfukoni mwa nguo. Dawa imezwe kwa wakati wake, hata kama ni lazima kuamka mapema kupika uji. Mkoba ukae mapajani, na ukiombewa safari, omba huku umeushika. Mungu hajakasirika bado kwa sababu hiyo. Na wewe unayechungulia kwa jicho moja ukaona mkono wa mwizi, piga kelele! Maombi yanaweza kuanza upya. Wayua ndiye aliyelipia heshima yako.