Malisho ya Kwenye Simu

Asubuhi Rukiyo aliamka akiwa bado amechoka. Aliwasha moto, akapika chai ya maziwa, kisha akamgeuza nyanya yake kitandani. Nyanya huyo, Maka, alianguka mwaka uliopita akavunjika nyonga. Hakuweza tena kutembea. Kila siku Rukiyo alimwosha, alimlisha, alifua nguo zake, na alinunua maji kwa mwenye mkokoteni wa punda. Mama yake Rukiyo alitoka mapema kwenda kuuza maziwa sokoni. Aliporudi jioni, naye alikuwa hoi. Katika nyumba ile ya mtaa wa Iftin, hapo Garissa, watu walizungumza kidogo tu.

Jua lilipokuwa kali, Rukiyo alijilaza kwenye mkeka kando ya kitanda. Aliinua simu juu ili wote wawili waone. Mapumziko yao yalikuwa hayo.

"Twende wapi leo, Ayeeyo?" aliuliza. Ayeeyo ndivyo Wasomali wanavyomwita nyanya.

"Twende kwenye ule mlima mweupe."

Walitazama mlima wenye theluji. Halafu wakamwona nyangumi akiruka kutoka baharini.

"Subhanallah! Na huyu anakamuliwa vipi?" Maka aliuliza.

Baadaye walimwona mchoraji akichora ngamia ukutani.

"Mwambie afute," Maka alisema. "Nundu ameiweka shingoni. Huyu hajawahi hata kushika kamba ya ngamia."

"Hatusikii, Ayeeyo."

"Basi amekosa bahati."

Maka alicheka. Tangu avunjike nyonga, alicheka mbele ya simu tu.

Siku moja ikatokea video nyingine. Ilionyesha nyasi ndefu za kijani na maji yaliyotuama. Mtu asiyeonekana alisema kwa sauti kubwa, "Masalani imepata mvua! Wenye mifugo, njooni!"

Maka alikaza macho. "Rudisha," alisema. Rukiyo akarudisha. "Simamisha hapo."

Alitazama miti. Alitazama rangi ya udongo. "Ni Masalani kweli," alisema. "Nimechunga pale nikiwa msichana. Nipigie Billow."

Billow alikuwa mtoto wake wa kiume. Alichunga ngamia wa familia mbali na mji, na ngamia hao ndio waliokuwa mali yao yote. Ukame ulikuwa umedumu. Ngamia walikuwa wamekonda, na malisho karibu na kisima chao yalikuwa yamekwisha.

"Hama, mwanangu," Maka alisema kwenye simu. "Nenda Masalani. Kuna nyasi."

"Hooyo, ngamia hawana nguvu," Billow alimjibu mama yake. "Kule ni mbali. Nani amekwenda sahan?"

Sahan ni kazi ya kutangulia kuangalia malisho. Wafugaji hawahami mpaka mtu wao aende, aone, na arudi kusema. Mtu huyo hadanganyi, kwa sababu akidanganya mifugo itakufa.

"Nimekwenda mimi," alisema Maka. "Nimeona kwa macho yangu."

"Haye, Hooyo. Tutaondoka alfajiri."

Rukiyo alitaka kusema neno. Hakujua aanzie wapi, tena alikuwa amechoka. Akaenda kuanua nguo.

Kesho yake jirani yao Ilhan alikuja kumjulia hali mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Alikaa, akapewa chai.

"Billow hajambo?" aliuliza.

"Amehama leo," Rukiyo alisema kwa sauti ndogo. "Anakwenda Masalani. Tumeona mvua kwenye simu."

Ilhan aliweka kikombe chini. "Nionyeshe."

Aliitazama video mpaka mwisho. "Nani ameiweka? Mnamjua?"

"Hatumjui," Rukiyo alisema. "Lakini ni ya juzi. Tarehe iko hapo chini."

"Hiyo ni siku aliyoiweka yeye, mdogo wangu. Si lazima iwe siku ilipopigwa. Nilipiga video ya harusi ya Amino, leo ana watoto wawili. Nikiiweka mtandaoni sasa hivi, utasema Amino anaolewa leo."

"Na mumewe atauliza anaolewa na nani," alisema Maka. Lakini hakucheka.

Ilhan alimwonyesha Rukiyo mahali watazamaji wanapoandika maoni. Rukiyo alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Mmoja aliandika, "Hii ni ya zamani. Acheni kudanganya watu." Mwingine aliandika, "Niko Masalani. Mvua gani?"

Kisha Ilhan alichukua picha moja kutoka kwenye ile video. Akaitafuta mtandaoni kwa picha, bila kuandika neno. Video ile ile ikatokea. Mtu mwingine alikuwa ameiweka mwaka juzi, wakati wa mvua nyingi.

"Ayeeyo, mahali hukukosea," Ilhan alisema taratibu. "Ni Masalani. Lakini si Masalani ya leo."

Maka alifumba macho. "Nipigieni Fatumo," alisema. Fatumo alikuwa binamu yake, naye aliishi Masalani.

"Mvua?" Fatumo alishangaa. "Huku tunakula vumbi! Nani amekwambia? Ngamia wa jirani yangu Salah wamefia njiani wiki hii."

Rukiyo alimpigia Billow haraka. Simu yake ilikuwa imezimwa. Alipiga tena. Imezimwa. Billow aliizima mara nyingi ili chaji isiishe. Walikaa wakisubiri. Maka alivuta tasbihi yake, akakataa kula. Ilhan naye hakwenda kazini.

Baada ya swala ya alasiri simu ililia. Alikuwa Billow.

"Hooyo, tumepumzika kidogo. Ngamia mmoja amelala chini. Hataki kuinuka."

"Sikiliza, mwanangu," Maka alisema. "Sikwenda sahan. Nilitazama video tu, tena ni ya zamani. Masalani hakuna kitu. Jua likishuka, rudi kisimani."

Billow akauliza, "Na huyu aliyelala?"

"Kaa naye. Mpe maji uliyo nayo."

Simu ilipokatika, Maka alimwambia Rukiyo, "Izime. Sitaki kuona tena hicho kitu."

"Kwa nini, Ayeeyo?" Ilhan aliuliza. "Nyangumi amekukosea nini? Ukitazama mlima ili ufurahi, hata video ikiwa ya mwaka juzi, hudhuriki. Lakini video ikikwambia uhame, au utoe mali yako, usiitii. Uliza kwanza. Ni nani aliyepiga? Ni lini? Ni wapi? Halafu mpigie mtu aliye pale pale."

Siku kadhaa simu ilikaa chini ya mto wa Maka. Rukiyo alifanya kazi zake, na wakati wa jua kali alilala akitazama bati la paa.

Siku moja Ilhan alikuja na video kwenye simu yake, kutoka kwa Aden, mchungaji mwenzake Billow aliyekuwa na simu nzuri. Picha ilikuwa ikitikisika.

"Mimi ni Billow," sauti ilisema. "Leo ni Ijumaa, adhuhuri. Niko kisimani petu. Jana tulipata mvua, si kubwa, lakini majani yameanza. Yule aliyelala huyu hapa."

Ngamia jike mwembamba alikuwa amesimama mbele ya kichaka, akitafuna.

Maka aliichukua simu mwenyewe. Akamsikiliza Billow hadi mwisho.

"Ametaja jina, siku na mahali," alisema. "Hiyo ndiyo sahan. Rukiyo, umeona? Amesimama."

Lakini Rukiyo alikuwa amelala usingizi mzito pale kwenye mkeka, mdomo wazi. Maka alipunguza sauti ya simu, akaiacha video ianze tena.